Gari Lina Frii Mbili

Nyinyi vijana mnaonisimamisha nje ya kanisa kuniuliza kazi ya udereva kule Doha ilikuwaje, huwa nawajibu kwa mkato kwamba ilikuwa ya jua kali, kisha naondoka. Mnadhani nina maringo. Sina. Nina jambo moja tu, na kila nikianza kusimulia ile miaka kumi na minne, mazungumzo yanateleza yenyewe hadi kwalo, nami nanyamaza. Leo nimeamua kuanza na hilo hilo. Ni habari ya jinsi ya kuchagua gari la kuvutwa nyuma ya nyumba.

Chekeni. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza.

Mwajiri wangu tulimwita Baba, kama wafanyakazi wa majumbani walivyozoea kule, ingawa nilikuwa nimemzidi miaka sita. Alikuwa amesoma Marekani, na huko aliwaona wazee wastaafu wakisafiri kwa nyumba zenye injini na usukani, zenye kitanda, jiko na choo ndani, na nyuma wamefunga gari dogo. Halikubebwa juu ya kitu. Magurudumu yake yote manne yalikuwa chini, na lilifuata lenyewe bila mtu ndani. Wakifika wanapokwenda, nyumba inabaki mahali pake, na gari dogo ndilo linalokwenda dukani. Alirudi Qatar, akaoa, akapata watoto na cheo, lakini ile picha haikumtoka. Mwaka mmoja, viwanja vya mpira vikiwa bado havijaanza kuchimbwa, akaagiza nyumba kama ile. Ikaja kwa meli. Ilikuwa ndefu kuliko kituo cha polisi cha kwetu Molo.

Kule, majira ya baridi yakiingia, watu wenye uwezo hutoka mjini na kupiga kambi jangwani kwa wiki nyingi. Baba alikuwa na mahali pake kaskazini. Tuliishi Al Wukair, upande wa kusini, kwa hiyo ilikuwa safari ya zaidi ya saa moja, unapita Doha, unapita Umm Salal, unaendelea.

Nilimwambia, "Baba, mimi naendesha nyumba, Othieno anakuja nyuma na gari dogo. Khalas, tumemaliza."

"La, la," akasema. "Shuf, tazama, Kamau. Kule hakuna mtu ndani ya gari dogo. Linafuata tu. Watoto wangu nataka waone hivyo."

Sasa nisikilizeni. Wale wazee wa Marekani wanavuta gari kwa sababu hawana dereva wa pili. Baba alikuwa na madereva wawili, mimi na Othieno, tumekaa tumekunja mikono. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko nilivyosali. Hakukuwa na haja. Yote nitakayowaambia yalitokana na kitu ambacho hakikuwa na haja.

Othieno alikuwa Mganda wa Tororo, hatua chache tu kutoka mpaka wa Malaba. Kwetu ni Otieno na kwao ni Othieno, nikawa namtania kwamba jina lake likivuka mpaka hutozwa herufi badala ya ushuru. Alikuwa dereva wa Madamu, mke wa Baba, na wa watoto wa shule. Tulilala chumba kimoja nyuma ya jiko, kitanda chake dirishani na changu mlangoni, na kwa miaka minne sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mtu chai ni tamu. Alikuwa hajaenda kwao tangu afike.

Mwaka ule mama yake alishikwa na presha ya macho. Mnaijua? Haiumi, haina makelele, inakula pembeni kwanza. Othieno alinieleza alivyoelezwa kwa simu na dada yake. "Braza, Mama anaona katikati peke yake. Kama mutu anachungulia ndani ya paipu. Na dakitari wa Mbale anasema hiyo paipu nayo inafunga pole pole. Labda miezi tatu, labda ine." Mama hakuwa ameomba pesa wala dawa. Alikuwa ameomba Othieno aje asimame mbele ya ile paipu kabla haijafunga.

Siku hizo, kutoka Qatar hakukuwa kununua tiketi na kwenda. Ulihitaji kibali cha kutoka, khuruji, na mwenye kukitia sahihi ni mwajiri wako. Bila sahihi yake, uwanja wa ndege unauangalia tu kwa nje. Nasikia sheria imebadilika, na nafurahi kwa ajili yenu. Othieno alimwomba Baba, na Baba, ambaye hakuwa mtu mbaya, akakubali palepale. Tufungue kambi kwanza, akasema, na wiki inayofuata utasafiri. Othieno akanunua kitenge cha mama yake sokoni, chenye maua makubwa mekundu na manjano, kwa sababu dada alisema rangi kali ndizo bado anaziona vizuri. Alikitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake.

Basi turudi kwenye gari, maana mlikuja kwa ajili ya ufundi, nami nimewaletea machozi.

Baba aliniachia mimi kuchagua, kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi gereji kabla ya kwenda Ghuba. Wazo langu la kwanza lilikuwa gari dogo la Madamu, otomatiki, jepesi, linang'aa. Unaliweka frii, unalifunga, unakwenda. Asante Mungu kabla ya kufanya hivyo nilikwenda Sanaya, mtaa wa magereji, kutafuta mtu wa kuunga chuma cha kuvutia. Huko nilikuwa na rafiki, Biju, fundi wa gia kutoka Kerala, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilipomwambia nataka kuvuta otomatiki, aliweka spana chini.

"Wewe dereva au muuaji?" akaniuliza kwa ule mchanganyiko wake wa Kiarabu, Kiingereza na mikono. "Injini imelala. Pampu ya oili inazungushwa na nani? Na injini. Injini imelala, pampu imelala. Lakini gurudumu linazunguka, na ndani ya gia vyuma vinazunguka. Nani anavipa oili? Mafi. Hakuna mtu. Kilomita thelathini, arobaini, vinakunywa iliyobaki. Halafu vinapikwa."

Hilo ndilo somo la kwanza, na kama mtasahau mengine yote, shikeni hili. Otomatiki ya kawaida usiivute magurudumu yakiwa chini. Haijalishi umeiweka N. Hiyo N ni ya kusukuma gari kutoka mlangoni hadi kivulini.

Gari la gia za mkono lina nafuu, kwa sababu nyingi hujirushia oili zenyewe magurudumu yakizunguka. Mlinzi wa shamba la Baba alikuwa na moja dogo la namna hiyo, na nililipendekeza. Baba akalitazama lile gari, akatazama ile nyumba yake ya Marekani, akanitazama mimi, kisha akaingia ndani bila kujibu. Nikaelewa.

Yeye alitaka tuvute Landkruza yake nyeupe. Nikafungua kitabu cha ile nyumba nikamwonyesha uzito inaoruhusiwa kuvuta. Hapo tena jifunzeni. Swali si kama injini inaweza kuvuta, kwa sababu injini ya lori inaweza kuvuta hata kanisa. Swali ni kama ile fremu ya nyuma inaweza kushika, na kama breki zinaweza kusimamisha vyote viwili kwa pamoja. Kuvuta ni rahisi. Kusimama ndiko kunakoua watu. Landkruza ilikuwa nzito mno, na tena boksi yake ya chini, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu, haikuwa na mahali pa kuikata ikae huru. Baba alinuna siku mbili.

Mwishowe nililipata kwa muuzaji mmoja wa magari yaliyotumika, gari la fo-bai-fo lenye umbo la sanduku, mlango mmoja kila upande, kijani. Lilikuwa otomatiki, lakini lilikuwa na gia mbili sakafuni. Gia kubwa ni ile mnayoijua nyote. Gia ndogo, pembeni yake, ni ya kuchagua kama gari livute kwa magurudumu mawili au manne, na katikati yake palikuwa na N yake yenyewe. Biju aliingia chini yake kwa mgongo, akakaa huko muda mrefu, akatoka anatabasamu.

"Hii ndiyo," akasema. "Gia ndogo ukiiweka huru, umekata shingo. Gurudumu linazunguka lakini habari haifiki kwenye boksi kubwa. Boksi kubwa unaiacha kwenye P, imelala kabisa. Unaweza kuvuta mpaka Kuwait."

Akanifundisha na kipimo chake. Umeiweka gia ndogo huru? Usiamini. Washa injini, weka gia kubwa D, kanyaga mafuta kidogo. Gari likikaa tuli, umekata kweli. Likisogea hata kidogo, hujakata, urudie. Ukimaliza, rudisha P, zima, funguo uiache ile nafasi ambayo usukani haujifungi, shuka. Ni dakika moja. "Usisukume kwa mkono," aliniambia, akinipiga kifuani kwa kidole chenye grisi. "Mkono hauwezi kujua. Frii hii na frii ile, mkono unasikia sawasawa."

Neno frii alilipata kwangu. Dereva wa kwetu hasemi N, anasema weka frii. Biju alilipenda, akalichukua, na kwa kuwa katika kazi ile frii iliyotuhusu ilikuwa ile ya gia ndogo tu, mimi na yeye tukawa tukisema frii tunamaanisha hiyo. Ile ya gia kubwa tuliiita N. Wiki tatu tulifanya kazi hivyo, tukaunga chuma, tukatandika nyaya za taa ili gari la nyuma liwashe breki na indiketa pamoja na la mbele, tukapima. Neno likakaa mdomoni mwangu kwa maana hiyo mpya kama vile nilizaliwa nalo.

Makosa tulifanya, na ya kuchekesha. Safari ya majaribio ya kwanza nilikwenda Al Wakrah, nikaingia kituo cha mafuta kwa mbwembwe, nikajikuta pua inatazama ukuta. Nikaweka rivasi. Enyi watoto, gari linalovutwa hivi halirudi nyuma. Magurudumu yake ya mbele yanajikunja yanavyotaka, chuma kinalia, na ukikaidi kinapinda. Nilishuka, nikalifungua gari la nyuma mbele ya madereva ishirini wa teksi wanaopiga honi, nikalisogeza kwa usukani wake, nikatoa nyumba, nikafunga tena. Mmoja akaniuliza kama nimehama na familia yote. Safari ya pili nilikuta betri ya gari dogo imekufa kabisa, kwa sababu ile funguo iliyoachwa wazi ilinyonya umeme njia nzima. Biju akanionyesha fyuzi ya kuchomoa. Yale yalikuwa makosa mazuri, yalinipiga mimi peke yangu.

Othieno nilimwonyesha mara moja tu. Tulisimama kwenye mlango wa lile gari la kijani, nikanyoosha kidole: hii, halafu ile, halafu hii. Alikuwa na simu sikioni, anasubiri dada yake apokee kutoka Mbale. Akaitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, huyu ni dereva wa miaka mingi, ataelewa. Sikumwambia kwamba mimi na Biju tulikuwa tumelihamisha neno.

Asubuhi ya safari, Madamu alinituma Al Wakrah kuchukua samaki na barafu. Foleni ya samaki ilikuwa ndefu. Nikampigia Othieno.

"Anza kufunga gari," nikamwambia. "Weka frii, usisahau. Frii kabisa."

"Kale, braza," akaitikia.

Baada ya muda akanipigia yeye. "Iko frii. Nimeisukuma na mkono, inaenda vizuri."

Sasa ninyi mnaonisikiliza mmekwisha kuona, sivyo? Kwa Othieno, na kwa kila dereva kutoka Mombasa hadi Kampala, frii ni moja. Ni ile ya gia kubwa. Aliitoa P akaiweka N, akasukuma, gari likaenda, akafurahi. Gia ndogo hakuigusa.

Nilirudi nikakuta nyumba inanguruma, Baba ametangulia na watoto kwa Landkruza, simu yangu inalia, ananihimiza, "Yalla, Kamau, yalla." Nilipita nyuma. Nikaangalia pini, nikaangalia minyororo, nikaangalia taa. Kisha nikaweka kiganja kwenye boneti ya lile gari la kijani, nikalisukuma. Likayumba mbele na nyuma, laini kabisa. Nikapanda, nikaondoka.

Dakika moja. Kuwasha, kuweka D, kukanyaga kidogo. Mimi ndiye niliyefundishwa kipimo kile, tena kwa kidole kifuani. Othieno hakufundishwa.

Othieno alikaa kando yangu. Alikuwa mchangamfu siku ile, anaongea juu ya barabara ya kutoka Entebbe kwenda Tororo, kama atalala Kampala au ataunganisha, na mama atampikia nini. Nilimwambia mama asiyeona asipewe jiko. "Huyo?" akasema. "Huyo hata akifunga macho anapika." Tukacheka. Tulikuwa tumeshapita Doha, magari yanatupita na watu wanatupiga picha.

Karibu na Umm Salal, lori moja lilikuja sambamba nasi, dereva wake anapunga mkono nje na kuonyesha nyuma. Nilidhani anatusifu. Kisha harufu ikafika. Oili ya gia iliyoungua haifanani na harufu nyingine. Ni kama sukari imeungua ndani ya mpira. Nikaweka kando. Chini ya gari la kijani palikuwa na moshi wa rangi ya bluu na michirizi myekundu-myeusi inayodondoka kwenye lami.

Nilifungua mlango wake. Gia kubwa ilikuwa N. Gia ndogo ilikuwa imekaa pale pale pa kuendeshea barabarani. Sikuhitaji fundi. Neno langu lilikuwa pale sakafuni mbele ya macho yangu.

Baba alirudi. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alizunguka lile gari mara moja, watoto wake wakiangalia kutoka dirishani, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Minu sawi? Nani aliweka gia?"

Othieno akasema, "Ni mimi, Baba."

Ilikuwa kweli. Aliyeiweka kwa mkono ni yeye. Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama kwa lawama. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeshika upande wa pili wa meza mnayotaka kuinua pamoja. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu, Baba, nilimwelekeza vibaya. Nikatazama barabara.

Niliogopa. Mkinitaka niseme neno lingine, sina. Mkataba wangu ulikuwa unaisha baada ya miezi miwili, nilikuwa na watoto wanne, na nilijiambia hasira ya Baba itapoa kwa siku mbili kama ilivyopoa ile ya Landkruza. Nilijiambia pia nitamweleza baadaye, faraghani, kwa heshima. Mwoga hakosi mipango.

"Hakuna safari," Baba akamwambia. "Gari likipona, utakwenda."

Ndivyo alivyosema, na kwake halikuwa jambo kubwa. Nadhani hakujua habari za paipu. Othieno alikuwa amemwambia mama anaumwa, basi, na kule kila mfanyakazi ana mama anayeumwa. Boksi ya gia ikaagizwa Marekani, kwa meli. Biju alipolifungua gari, alitoa vipande vyeusi akaviweka kwenye karatasi, akanitazama kupitia ile miwani ya waya. "Ulifanya kipimo?" akauliza. Nikamwambia tulikuwa na haraka. Akafunga karatasi ile taratibu akaitupa.

Nilikwenda kwa Baba? Nilikwenda. Mara mbili nilifika hadi mlango wa majlisi yake, chumba anachopokea wageni, na mara mbili nikakuta ana wageni, nikashukuru moyoni kwamba ana wageni. Mara ya tatu alikuwa peke yake. Nilimwambia mama wa Othieno anapoteza macho, amruhusu. Sikumwambia lile jingine. Akasema insha'Allah, akaniuliza kama kiyoyozi cha Landkruza kimetengenezwa. Maombi ya mtu anayeficha nusu ya jambo hayana nguvu, na Baba alikuwa mfanyabiashara, alijua kunusa kitu kilichopungua.

Mkataba wangu ukatiwa sahihi upya.

Mwezi wa pili dada alisema mama hamwoni tena kuku uani. Mwezi wa tatu alisema mama anauliza kama taa imewashwa, nayo imewashwa. Othieno alikuwa ananiambia habari hizi akiwa anakunja mashati ya kazi, bila kuinua kichwa, nami nilikuwa najibu pole, pole braza, na kile kitenge chenye maua makubwa kipo pale juu ya msumari. Kuna siku nilirudi nikakuta amekishusha. Sikuuliza. Boksi ya gia ilifika jua likiwa limeshakuwa kali na kambi zimeshafungwa, na lile gari la kijani likapona vizuri kabisa. Baba hakulivuta tena. Watoto walikuwa wamechoka na mchezo ule, na ile nyumba ikauzwa kwa mtu wa Al Khor.

Khuruji ikatiwa sahihi. Othieno akaondoka, akaahidi kurudi baada ya mwezi, na hakurudi.

Alinipigia mara moja wiki ile aliyofika. "Nimefika nyumbani," akasema. "Mama alinishika uso. Akashika mabega. Akaniuliza, mwanangu, umenenepa? Nikamwambia ndiyo, Mama, nimenenepa sana." Mnakumbuka nilivyowaambia kwamba sikuwahi kumsikia akisema uongo. Miezi ile alikuwa amekwisha mpaka mkanda wake tuliutoboa tundu jipya kwa msumari.

Nilifanya kazi Doha miaka mingine tisa baada ya hapo. Nimeona barabara zikipanuliwa, nimeona Al Wukair yenye vumbi ikijaa majumba. Nilifundisha madereva wapya, Wakenya, Waganda, Wanepali, na kila mmoja nilimketisha kwenye gari lenye gia mbili, nikamwambia usiseme frii. Gusa kwa kidole, useme hii, na useme mpaka wapi. Walikuwa wananiona mzee mkali asiye na sababu. Na lolote wanaloniambia wamelifanya, nalifanya tena mwenyewe. Si dharau. Ni kwamba najua mdomo wangu unaweza kumwua mtu.

Wiki yangu ya mwisho kule, mizigo ikiwa imefungwa, nilimpigia Othieno. Namba ilikuwa ile ile. Mama yake bado alikuwa hai, nilimsikia akikohoa karibu na simu. Nikamwambia yote. Nikamwambia juu ya mimi na Biju na lile neno, juu ya kile kipimo ambacho sikukifanya, juu ya mlango wa majlisi. Ilinichukua muda, kwa sababu nilikuwa nalia kama mtoto, mtu mzima mwenye mvi.

Akaniacha nimalize.

"Braza," akasema, "mimi nilijua. Siku ile ile ya Umm Salal nilijua. Nilikuona ukiiangalia gia ndogo, na nikakumbuka nilivyokusikia kwa simu, wewe na yule Muhindi mkiiita frii."

"Kwa nini hukumwambia Baba?"

"Ningemwambia, angekuuliza wewe. Na wewe ungesema hapana." Nilisikia kiti kikivutwa upande wake. "Nikaona afadhali nisikusikie ukisema hapana. Nikangoja useme mwenyewe."

Kisha yeye, kwa vile alikuwa mtu wa adabu, akaniuliza kama Doha bado kuna joto. Nikamwambia lipo.